Bisi za Mama kwenye Garimoshi

Nichekeni tu, lakini bisi tamu ni zile za mama kule Ipagala: mahindi kwenye mchanga wa moto chunguni, kisha unachekecha. Mimi, mchochea moto wa garimoshi la Wajerumani, nilishikwa na hamu yake kazini. Nikachota sandukuni mchanga tunaomwaga relini magurudumu yakiteleza, nikakaangia bisi kwenye beleshi. Zilipasuka hizo! Dereva akaniita ghafla. Nikaokoa konzi moja. Zilizobaki nikazificha sandukuni pamoja na mchanga wake.

Kabla ya stesheni ya Gulwe, mlimani, magurudumu yakateleza. Dereva akavuta mpini wa mchanga, mchanga haukutoka. Abiria wakashuka kusukuma. Dereva akafungua sanduku, akainua bisi moja nyeupe.

“Hii nini?”

Nikazidi kutafuna. Mdomo ulikuwa umejaa.