Limbuko la Mdogo Wangu

Siku ile tulikuwa wanne kando ya mto. Nilikuwepo mimi, mkubwa. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume anayenifuata, amevaa mabuti ya mpira yanayofika kifuani. Alikuwepo kitinda mimba wetu, msichana aliyekuja kutoka kwake Spånga na chupa ya chai na simu isiyomtoka mkononi. Na alikuwepo mzee mmoja Mswidi, mstaafu mwenye goti bovu, kofia yake imechomekwa nzi bandia wa manyoya, wa kuvulia samaki, pande zote. Hakuna mwingine wa kumsingizia. Lililotokea nililifanya mimi, na hao watatu waliliona.

Wazazi wetu walikufa tukiwa bado Kongo, mimi nikiwa darasa la sita. Wiki iliyofuata mazishi sikurudi shuleni. Nilichukua beseni la mama nikaenda sokoni kuuza ndagala, dagaa wa kwetu, na wakipatikana samaki wakubwa, nikawa nawapasua kwa wateja. Wadogo zangu wakasoma. Tangu hapo wananiita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu kwetu, lakini kwa sauti ambayo mtu humwitia mzazi. Tulipofika Stockholm, tukakaa Akalla, mambo hayakubadilika. Niliamua mimi, wao wakafuata.

Mimi na mdogo wangu tulifanya kazi pamoja kwenye ghala moja Jordbro, mimi nikisafisha, yeye akipakia. Asubuhi moja treni ilisimama Jordbro nikashuka, nikageuka kumtazama. Alikuwa bado amekaa kitini, anatazama mbele. Milango ikafungwa. Alikwenda na treni ile mpaka mwisho wa njia, akarudi nayo, akaenda tena. Jioni alipoingia nyumbani alilala, na kwa majira mawili ya baridi hakuamka vizuri. Daktari alimwandikia dawa, mchungaji alikuja na kwaya, Wakenya wa kanisani wakaleta chapati. Aliwashukuru wote bila kugeuza uso kutoka ukutani.

Aliyemwamsha ni huyo mzee. Kabla ya kustaafu alikuwa msimamizi wa mdogo wangu ghalani. Alikuja siku moja kumjulia hali, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda, wala hakuuliza lolote. Alitoa kisanduku mfukoni, akaanza kufunga uzi na unyoya wa kuku kwenye ndoana, polepole, mpaka ikawa kama nzi. Alipomaliza mmoja alifunga wa pili. Wa tatu, mdogo wangu alinyoosha mkono akamshikia uzi.

Majira ya kuchipua walitoka nje. Mzee alimfundisha kurusha mshipi kwenye nyasi nyuma ya jengo letu, bila maji na bila ndoana, kifundo cha sufu nyekundu tu mwishoni. Mbele, nyuma, kituo, mbele. Watu walichungulia madirishani. Jirani yetu Mkenya akaniita kutoka kwenye roshani yake.

"Mama, huyo mdogo wako anachapa upepo. Upepo umemkosea nini?"

"Mwache auchape," nilimjibu. "Bora achape yeye, amechoka kuchapwa."

Nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nikaanza kuhesabu moyoni: akitoka mara moja kwa wiki, akitoka mara mbili, akirudi kazini. Mzee alikuwa amemwahidi kwamba wakishamaliza mwaka huo kwenye mito ya karibu, kiangazi kijacho atampeleka kaskazini, milimani, kuvua röding, samaki mwenye tumbo jekundu anayependa maji baridi kuliko samaki wote. Mdogo wangu alianza kuzungumza juu ya kiangazi kijacho. Mtu aliyekuwa hazungumzi juu ya kesho.

Basi ikafika siku hiyo, mwanzoni mwa Septemba. Mto wenyewe ni mdogo, kusini huko, unapita kati ya misitu na kuingia baharini. Samaki wake wanaitwa öring, ndugu wa trauti anayejulikana Kenya. Hukulia baharini, na vuli inapokaribia hupanda mtoni kuzaa. Mzee na wenzake wana kikundi chao kinachotunza kipande cha mto ule, na yeye ndiye aliyemdhamini mdogo wangu akapata kibali. Sisi wanawake tulikuja kutazama tu.

Kitinda mimba alikuwa hachoki.

"Kwetu nzi tunawafukuza kwenye samaki," alisema. "Huku mnampelekea samaki nzi, tena wa kushona. Yaya, hawa ni wazima?"

"Nyamaza, utawafukuza," mdogo wangu alisema kutoka majini.

"Nani, samaki au nzi?"

Hata yeye alitabasamu. Mzee aliuliza amesema nini, kitinda mimba akamtafsiria kwa Kiswidi, na mzee akacheka mpaka akashika goti.

Sasa inanibidi nieleze jambo moja. Kwetu, mtu anapopata kitu cha kwanza cha kazi ya mikono yake, mahindi ya kwanza, mshahara wa kwanza, samaki wa kwanza, hakili yeye. Humpelekea mzazi. Hilo ni limbuko. Mzazi hula, kisha humtemea mate kidogo kiganjani na kumbariki, na kuanzia hapo mikono yake hupata. Mdogo wangu alipopata mshahara wake wa kwanza Jordbro, nilikuwa mgonjwa, akanunua televisheni. Limbuko halikuletwa. Na alipoanza kulala, mimi, ingawa ni Mkristo, nilisema moyoni kwamba mikono yake haikubarikiwa, na kosa ni langu kwa kutodai. Kwa hiyo siku ile sikuwa natazama mchezo. Nilikuwa nangojea limbuko. Nyumbani nilikuwa nimeshaosha sufuria.

Mshipi ulikazika mchana. Ufito wa kuvulia ulipinda mpaka nikafikiri utavunjika. Mdogo wangu hakuvuta kwa nguvu; alimwacha samaki akimbie, akamrudisha, akamwacha tena. Mzee alikuwa chini kidogo, kwenye kona ya mto, akaanza kuja akichechemea na kupiga kelele za kumtia moyo. Kitinda mimba alikuwa juu ya ukingo, anatafuta pahali pazuri pa kupiga picha. Mdogo wangu alimwingiza samaki kwenye wavu, akapiga magoti majini, akamshika chini ya tumbo, kichwa kikielekea mkondo, mikono yote miwili imezama. Akageuka. Uso wake ulikuwa uso wa zamani, wa kabla ya treni.

"Yaya! Njoo uone!"

Nilishuka na viatu vyangu vya kanisani. Alikuwa samaki mkubwa, mzito, ana madoa kama ya chui. Nilimtia kidole kwenye matamvua, nikamtoa mikononi mwake. Alisema kitu, sijui nini. Nilichukua jiwe nikampiga kichwani, mara moja tu, kama nilivyowapiga maelfu. Kisu cha mkate kilikuwa kwenye mkoba. Kabla mzee hajafika, nilikuwa nimeshampasua juu ya mwamba, na mayai yakatoka, mafungu mawili marefu ya rangi ya chungwa, yamejaa tumbo zima.

Nilifurahi. Hilo ndilo ninaloona aibu kuliko yote kuliandika. Niliyaona mayai nikafikiri ni baraka maradufu.

Mzee alisimama. Alivua kofia. Ndipo kitinda mimba, ambaye alikuwa amesoma kibao kilichopigiliwa njiani, akasema kwa sauti ndogo, "Yaya, hapa wanarudishwa wote. Hata mmoja hauawi." Mto ule ulikaa miaka mingi bila samaki. Mzee na wenzake walibeba kokoto kwa ndoo, Agosti baada ya Agosti, wakawatengenezea pahali pa kutagia. Samaki niliyempasua alikuwa anapanda kwenda huko.

Mzee hakunigombeza. Alisema kosa ni lake, hakunieleza. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Mdogo wangu alikuwa bado amepiga magoti, mikono yake imo majini vilevile, imeshika pahali patupu.

"Nilikuita uone," alisema. "Nilikuita uone tu, yaya."

Alitoka majini, akauegemeza ufito kwenye gari la mzee, akavua yale mabuti. Njia nzima alitazama mbele. Kibali chake kilisimamishwa kwa msimu huo. Mzee alijaribu kumwambia kwamba mwakani atarudi. Mwakani ilifika. Mzee alipanda metro mpaka Akalla mara tatu, akakaa kwenye kile kiti, akafunga nzi. Mdogo wangu hakunyoosha mkono. Mara ya nne mlango wa chumba ulikuwa umefungwa kwa ndani. Juu ya röding hakuna aliyezungumza tena.

Kila Agosti naenda mtoni. Kikundi kile kilinikubali. Nabeba kokoto kutoka kwenye rundo, nazimwaga pale wanaponionyesha, natia ndoo nyingine. Mgongo wangu umeharibika. Kiangazi kilichopita mzee aliniambia, "Inatosha sasa. Mto umeshakusamehe."

Nilimwambia asante. Anayenidai si mto.

Mkubwa kwetu hamwombi mdogo msamaha. Tangu siku nilipochukua beseni la mama, neno 'nisamehe' sijapata kumwambia yeyote kati yao, na sikujua kwamba siku moja nitalihitaji. Kila nirudipo kutoka kazini naweka sahani nje ya mlango wake, nagonga, nasimama. Nasikia anavyopumua. Neno linafika mpaka kwenye meno.

Jana pia nilisimama. Nikasema, "Chakula," nikaondoka.