Dakia na Chumba cha Kikwajuni

Nyumba yetu ya Al Khoudh, huku ughaibuni, ina vyumba ambavyo kila kimoja kina jina la mtaa wa Unguja. Sebule ni Shangani. Jiko ni Darajani. Chumba cha mama ni Vuga. Majina hayo aliyatoa mama mwenyewe kabla sijazaliwa, katika nyumba ya kwanza waliyopanga yeye na baba huko Matrah walipotoka Unguja, na tulipohama yalihama nasi pamoja na masufuria. Nilipokuwa darasa la kwanza, mwalimu wangu, naye mzaliwa wa Unguja, aliniuliza mama yuko wapi. Nikamjibu yuko Darajani. Alinihurumia mwezi mzima akidhani mama kaachwa Afrika, kumbe yuko jikoni anakaanga sambusa.

Chumba cha mwisho, mkono wa kushoto, ni Kikwajuni. Hakilali mtu. Kila Alkhamisi kitanda chake kidogo hutandikwa shuka safi, chumba kikafukizwa udi, kisha mlango ukafungwa. Tuliambiwa ni chumba cha wageni, lakini wageni walipokuja walilazwa Shangani juu ya magodoro. Sikuuliza. Katika nyumba za watu wetu kuna mambo ambayo mtoto hujifunza kutoyauliza kabla hajajua kusoma.

Nafundisha historia ya Roma ya kale chuoni. Mimi ni mtu wa ushahidi, na wanafunzi wangu watakwambia kuwa ni mkali pia. Akitokea mtu na "inasemekana" yake, namuuliza kasema nani na kaandika wapi. Lakini kila somo jipya humsomea mama kwanza, baada ya Alasiri, kwa Kiswahili, yeye na kikombe chake cha kahawa. Hata kumbukumbu zake zilipoanza kumponyoka sikuacha. Alikuwa akisahau kama amekula, ila hakusahau kuniuliza maswali.

Siku moja nilimsomea habari za Dakia. Nilimwambia lilikuwa jimbo la Warumi kaskazini ya mto Danubi, nchi ya nyanda za juu iliyozungukwa na milima ya Karpati, yenye dhahabu na chumvi ndani ya ardhi yake. Warumi waliipigania vita viwili. Wakaubomoa mji mkuu wa wenyeji, wakajenga wao mwingine mbali na pale, kisha wakaupa jina lile lile la mji walioubomoa. Wakaleta watu kutoka kila pembe ya dola, wachimba migodi, askari wastaafu, wafanyabiashara. Watu wakaoa, wakazaa, wakazika.

"Kisha?" mama akauliza.

"Kisha maadui wakazidi, na mfalme wa Warumi akaona jimbo halishikiki. Akaamuru askari na maofisa wavuke mto, na raia waliopata nafasi wakavuka nao. Kusini ya mto akakata kipande cha ardhi, akakiita Dakia. Ikawa kama kwamba hakuna kilichopotea."

Mama akaweka kikombe chini. "Na waliobaki?"

"Wataalamu wanabishana mpaka leo. Wengine wanasema walibaki wengi, wengine wanasema hakubaki mtu. Hakuna aliyewaandika."

"Hakuna aliyewaandika," akasema, "au hakuna aliyerudi kuwauliza?"

Nilicheka, nikamwambia ningempata mwanafunzi mmoja kama yeye ningestaafu kwa raha. Yeye hakucheka. Alitazama mlango wa Kikwajuni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu akanambia kilichomo.

Alikuwa na mdogo wake, mtoto wa miaka tisa. Katika siku zile za mapinduzi kule Unguja alimtoa Shangani akampeleka Kikwajuni kwa mama mmoja mshoni aliyemwamini. Akamkalisha juu ya kitanda, akamwambia: "Kaa hapa. Usitoke mpaka nije n'kuchukue." Siku ya pili yake baba yangu akapata nafasi mbili katika meli, yake na ya mama, na meli haikungoja mtu.

"N'liandika barua," mama akasema. "Sikujibiwa. Babako akanambia n'nyamaze, n'kanyamaza."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo ule ulinipata nimekaa kitako na makaratasi yangu ya Dakia mapajani. Nilimkasirikia baba aliye kaburini. Nikajikasirikia mwenyewe, msomi mzima niliyepita mbele ya mlango ule miaka yote bila ya kuuliza swali moja. Nikapiga simu Unguja kwa jamaa wa mbali, wakaulizia mtaani. Mshoni alikufa zamani, nyumba imejengwa upya, na mtoto hakuna anayemkumbuka. Asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo nilikuwa naipenda sana darasani.

Toka siku ile mama alianza kuuliza kila Alasiri: "Kikwajuni kuna nani?" Nami, mtu wa ushahidi, nilimjibu kweli kila siku. "Hakuna mtu, mama." Alikuwa analia kana kwamba anapewa habari ile kwa mara ya kwanza, na kesho yake anauliza tena. Nilijiambia kuwa kumdanganya mzee ni kumvunjia heshima. Leo naona nilikuwa nailinda kazi yangu tu.

Kaka yangu anayekaa Qurum akaja akasema mama anahitaji muuguzi wa kulala hapa hapa, na chumba kipo, kitupu. Nikakubali. Alkhamisi ile badala ya kutandika niliingia kutandua. Nilitoa shuka, nikaondoa mto wa kitoto, kisha nikakaa ukingoni mwa kitanda.

Nilisikia mkongojo wake ukija. Mama akasimama mlangoni, akaniangalia, na nikajua si mimi anayemwona.

"Hujatoka," akasema. "Siku zote hizi uko papa hapa?"

Nilikuwa na jibu langu la kila siku. Nilifungua mdomo nilitoe, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo kuliko yangu.

"Sijatoka, dada. Uliniambia nisitoke mpaka uje."

Uso wake ukalegea. Akanyoosha mkono. "Basi n'shakuja. Inuka twende." Alinishika kiganja kama anavyoshikwa mtoto wakati wa kuvuka barabara, akanitoa ndani, akaufunga mlango yeye mwenyewe. Usiku ule alikula vizuri.

Muuguzi sasa analala Kikwajuni, na mama hajauliza tena. Kaka anasema dawa mpya zimemfaa. Sijamwambia kitu. Lakini nikitoka kazini nikapita mbele ya mlango ule, nasimama, natega sikio. Mama amepumzika kwa sababu yangu. Yule mtoto aliyekaa juu ya kitanda kule Unguja, hakuna aliyekwenda kumchukua.