Albina na Ntumba Zake

Usiku mama yangu alipopotea, mvua ya Machi ilikuwa ikinyesha taratibu, nami nilikaa jikoni nikisikiliza kila kishindo cha nje. Kaka yangu Polikarp na majirani walikuwa wamekwenda kumtafuta. Mama, Albina, alikuwa mtu wa kutembelea fimbo. Tangu Operesheni Vijiji ituhamishie hapa kijijini, kando ya barabara ya Chala, hakuwahi kufika peke yake hata kisimani.

Walimleta alfajiri, mgongoni kwa Polikarp. Walimkuta kwenye mahame yetu, ameinama shambani, anafukia nyasi.

Hiyo ndiyo kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Sisi Wafipa, mvua zikikolea na nyasi zikirefuka, tunazilaza na kuzifunika kwa udongo, tukifanya vilima vya duara tunavyoviita ntumba. Humo zinaoza. Msimu unaofuata tunautawanya udongo ule na kupanda ulezi. Ntumba za mama zilisifiwa. Wanasema alipokuwa msichana, washenga walipita shambani kwake kwanza ndipo wakaenda nyumbani. Alizaa saba, akazika wawili, akamzika na baba, na kila mwaka alilima.

Nilimpeleka zahanati. Mganga alikuwa kijana wa Rungwe, Isakwisa.

"Shikamoo, bibi. Unaumwa wapi?"

"Marahaba. Uliza pasipouma, tutamaliza haraka."

Akampima kifua, akamwangalia macho. Nikamvuta pembeni.

"Ana ugonjwa gani?"

"Hana ugonjwa, mama Margareth. Ni uzee."

"Na dawa yake?"

Kumbe mama anasikia.

"Wee Mnyakyusa! Kwenu mgomba ukishazaa mnaufanyaje?"

"Tunaukata, bibi. Machipukizi yapate nafasi."

"Mimi nimezaa saba. Panga lako liko wapi?"

Wakacheka wote wawili. Mimi sikuweza.

Njiani nilimuuliza, kama mtoto mdogo, kwa nini mtu azeeke.

"Nyasi zisipolala chini, ulezi utakula nini?"

"Wewe si nyasi, mama."

Alikuwa amechoka, akaomba tukae kidogo.

Jibu lake nimeligeuza kichwani mara nyingi, halijanitosha. Ulezi unaoota si zile nyasi zilizooza. Zile hazirudi. Padre naye alinieleza habari za roho, nikaitikia amina, lakini mimi nilikuwa nauliza habari za mikono yake.

Nilimpikia uji wa ulezi kwa maziwa. Nilimwongezea blanketi, nikawa nawasha moto chumbani kwake kila jioni. Alikula vijiko viwili, akasinzia. Siku nyingine aliniita Kalista, jina la dada yake aliyekwisha kufa zamani, nami nikaitika. Watoto wangu wote niliwalea hivyo hivyo: unamlisha, anakua. Mama nilimlisha, akapungua. Nilimwogesha nikaona mabega yamekuwa ya mtoto, nikageuza uso asinione.

Baridi ya Julai ilipoingia, alizoea kukohoa akisikia hatua zangu, kisha kuniita ndani kabla sijabisha. Asubuhi moja hakukohoa.

"Hodi, mama."

Kimya.

"Mama, hodi."

Uji ulikuwa unapoa mikononi mwangu. Nilijua mlango haukufungwa kwa ndani, ungefunguka hata kwa kidole. Nikasimama pale barazani, nikingoja aufungue yeye.