Tarishi aliyeitwa mwizi wa mzaha wake mwenyewe

Mvua ya Bratthamna, mji wetu wa bandari huku Norwei, haishuki kutoka juu, inakuja kwa ubavu, na Oddrun Tveiten anaipa kisogo huku akipanda ngazi za mtaa wa juu, mkoba wa barua begani. Taa za barabarani bado zinawaka na nyumba nyingi zinanukia kahawa. Anatumbukiza magazeti, anabonyeza kengele, anangoja, anaandika karatasi ya kumwita mtu posta, anaendelea kupanda.

Kwenye nyumba ya mwisho, ile nyekundu, anakawia kuliko kwingine. Humo anaishi bibi Magnhild Urdal, ambaye magoti yake yalishagoma siku nyingi. Kwa miaka kadhaa mlango huo haukuwahi kufungwa asubuhi. Tarishi aliingia, akafuta viatu, akaweka barua juu ya meza ya jikoni, akajazia kuni jikoni ikibidi, akaaga.

Tangu Novemba mlango unafungwa kwa ufunguo. Leo pia umefungwa. Oddrun anatia barua kwenye sanduku la nje na kugeuka.

"Hajaniambia neno," anasema. "Angenitukana ningejua pa kuanzia. Anafunga mlango tu."

Mwandishi wa makala haya anaishi mji huuhuu, na ni vema msomaji ajue mapema kwamba ameandika akiwa na hasira. Mwanamke huyu ameitwa mwizi mbele ya mji mzima, na kitu anachodaiwa kuiba ni mzaha alioutunga mwenyewe jikoni kwake.

Oddrun ana miaka hamsini na miwili, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza kwenye ngazi hizi. Jioni anatengeneza njia za gololi. Anachonga mbao, anapinda waya, anaweka miteremko na nundu, kisha anaachia gololi juu na kuitazama ikishuka hadi kwenye kikombe. Hana televisheni. Anasema gololi inamtosha, kwa kuwa angalau inajua inakokwenda.

Wapo wengi wenye ugonjwa huo. Mtandaoni wanajiita Wateremkaji, mamia kadhaa kutoka Norwei, Uswidi na Denmaki: mafundi, wauguzi, madereva wa malori, mchungaji mmoja. Huoneshana kazi zao, lakini kwa kweli wamekaa pale kutaniana, na utani wao ni wa fizikia. Ukiingia husalimiwa, "Habari za mteremko?" nawe hujibu, "Bado twashuka."

Mmoja akimsifu mwenzake kwamba ana mvuto, huambiwa mvuto ni wa dunia, yeye ana uzito tu. Fundi mmoja wa Uswidi aliandika kwamba amesukuma gari lililokwama asubuhi nzima na halikusogea hata kidogo, kwa hiyo kwa mujibu wa fizikia hakufanya kazi yoyote, na mkewe ameafiki. Mchungaji alipotangaza kwamba ndoa fulani imevunjika, mtu akamjibu kwamba msuguano ukizidi joto lote hupotea bure. Walimkanya huyo, halafu wakacheka.

Oddrun alijulikana kwao kwa mchoro mmoja aliouita Njia ya Posta. Alichora mlima wa mji wetu kama njia ya gololi, kuanzia mlango wa posta hadi bandarini, na kando yake akaandika sheria tatu za tarishi. Ya kwanza: barua iliyotulia hubaki imetulia mpaka mwenyewe aanze kuiulizia. Ya pili: kasi ya tarishi huongezeka kwa kadiri ya ukubwa wa mbwa. Ya tatu: kila kengele inayobonyezwa ina jibu lililo sawa nayo na kinyume chake, yaani mwenye nyumba yuko bafuni.

Wateremkaji walicheka hadi baadhi yao wakaubandika kazini. Kuna muuguzi wa Odense, Denmaki, aliyeubandika kwenye chumba cha dawa. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyeomba kulipwa.

Kisha ikaja kampuni ya zawadi za watalii, ambayo wakili wa gazeti hili ametusihi tusiitaje jina. Mwaka jana ilianza kuuza vikombe vyenye mchoro huo na sheria zote tatu, neno kwa neno. Baadaye ikatoa na kichezeo cha mbao cha njia hiyohiyo, kwenye sanduku la kung'aa, kwa bei ambayo ingemnunulia Oddrun mbao za mwaka mzima. Yeye hakujua. Haendi kwenye maduka ya watalii, kama ambavyo sisi sote wa hapa hatuendi.

Novemba aliichonga Njia ya Posta kwa mti wa msonobari na kuipeleka kwenye maonyesho ya kazi za mikono katika maktaba ya mji. Watoto waliipangia foleni. Hata bibi Magnhild alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu akaenda kuiona, na akaachia gololi kwa mkono wake.

Siku chache baadaye, kwenye mkoba wa Oddrun kulikuwa na bahasha nene ya kampuni ile, imeandikwa jina la maktaba. Aliibeba, akampa mkutubi Synnøve Hauge mkononi, akamtakia siku njema. Hakujua kwamba amebeba mashtaka yake mwenyewe na kuyafikisha kwa wakati, makavu, licha ya mvua.

Jioni hiyo njia ilikuwa imeondolewa. Kwenye mlango wa maktaba, mahali ambapo mji mzima hupita, kulibandikwa karatasi: kazi ya O. Tveiten imeondolewa kutokana na madai ya wizi wa ubunifu. Hakuitwa, hakuulizwa. Madai tu yalitosha.

Sasa fikiria kazi ya tarishi. Anashika pensheni za watu, dawa zao, barua za mahakama, kadi za wajukuu zenye noti ndani. Anajua nani yuko safarini na ufunguo umefichwa wapi. Mtu wa namna hiyo ukimbandika mlangoni neno wizi, umempokonya nini kisichokuwa kazi yake yote?

"Watu walianza kuhesabu vifurushi mbele yangu," anasema Oddrun. "Kwa adabu sana. Wanatabasamu wanahesabu."

Mtu atauliza, si aoneshe tu tarehe ya mchoro wake mtandaoni? Alijaribu. Bahati mbaya, Wateremkaji walihamia tovuti mpya miaka miwili iliyopita, na katika kuhama kila kitu cha zamani kiligongwa tarehe moja, ya siku ya kuhama. Kampuni ilikuwa imeusajili mchoro wiki chache kabla ya siku hiyo. Na kwenye kundi Oddrun hatumii jina lake, anaitwa Ngazi. Wakili wa kampuni aliandika kwamba yeyote anaweza kudai kuwa ngazi.

Ushahidi mwingine ulikuwepo, ila Oddrun alikataa kuutoa, na hapa ndipo wengi hushindwa kumwelewa.

Krismasi tunakula uji mzito wa mchele na maziwa, na ndani yake hufichwa lozi moja. Atakayeing'ata hupewa kijinguruwe kilichofinyangwa kwa lozi na sukari. Wateremkaji wameuchukua mchezo huo wakauingiza kwenye utani wao: kila mzaha wa mchoro lazima ufiche kosa moja la fizikia, la makusudi. Anayeligundua huandika "lozi", naye hutumiwa kijinguruwe kwa posta. Aliyelificha haruhusiwi kusema lilipo, hata aombwe vipi, hadi mtu alipate mwenyewe.

Lozi ya Njia ya Posta ilikuwa haijapatikana. Watu walikuwa wamezama kwenye sheria tatu, wakasahau kuutazama mlima.

Mwanzilishi wa kundi, Jostein Kvåle, aliyekuwa fundi wa injini za kivuko na sasa amestaafu, alimpigia simu karibu kila jioni majira yale ya baridi.

"Sema lozi iko wapi tuwamalize hawa watu."

"Itafute."

"Nimeitafuta Krismasi mbili, mama. Macho yamekwisha."

"Basi niliificha vizuri."

"Oddrun, wanakuita mwizi wewe. Mchezo utakusaidia nini?"

Alimjibu kwamba amebeba bahasha za watu maisha yake yote bila kufungua hata moja. Akiifungua moja kwa sababu nzuri, kesho ataifungua kwa sababu mbaya. Jostein alikata simu. Anakiri kwamba usiku ule alimwona mpumbavu, na mwandishi huyu naye alimwona hivyohivyo.

Februari, mwanachama mpya alijitokeza kwenye kundi, amejipa jina la BabaWawili. Aliweka picha ya njia ya mbao na kuomba msaada. Gololi yake inafika nundu ya tatu na kurudi nyuma, kila mara. Wamejaribu gololi nzito, wamejaribu kupaka mafuta, wamejaribu kuinamisha meza. Wazazi wanalalamika. Je, kuna mtaalamu anayejua namna ya kuirekebisha?

Alipokewa kwa vicheko. Mmoja alimshauri aipeleke gololi kwa mchungaji, huenda imepungukiwa imani. Mchungaji akajibu kwamba ameiona, na tatizo lake si imani, ni unene. Mwingine akasema aibebe mkononi, ndivyo tunavyowafanyia watalii wakifika katikati ya mlima.

Jostein hakucheka. Nyuma ya ile njia, pichani, aliona masanduku ya kung'aa yamepangwa hadi darini, yana jina la kampuni ile iliyomshtaki Oddrun. Aliweka rula juu ya kioo cha kompyuta, akapima mahali gololi inapoachiwa, akapima nundu ya tatu. Kisha akafungua mchoro wa Oddrun na kuupima vilevile. Aliandika neno moja tu: lozi.

Gololi ikiachiwa bila kusukumwa haiwezi kupanda juu kuliko ilikoanzia. Kila mtoto aliyecheza gololi analijua hilo mkononi hata kama hajalisikia darasani. Kwenye mchoro wa Oddrun nundu ya tatu imeuzidi kimo mlango wa posta, gololi inakoanzia, kwa upana wa kidole. Aliyekuwa akinakili alinakili na kosa. Waliochonga mbao wakalichonga, waliopaka rangi wakalipaka, na maelfu ya masanduku yakaenda madukani yakiwa na lozi ndani. Ile njia iliyokuwa maktaba haikuwa na kosa hilo. Aliyeutunga mchoro alijua kosa lilipo; waliodai ni wao walikuwa wakiuliza mtandaoni.

"Mchoro ni wa kuchekesha," anasema Oddrun. "Mbao ni za kuteremka. Siwezi kumpa mtoto kitu kisichoteremka."

Kikao cha kusikiliza pande zote mbili kilifanyika maktaba, na mwandishi huyu alikuwepo. Wakili wa kampuni, kijana mwenye soksi nzuri, alisema nundu ile ni hitilafu ya kiwandani. Jostein akamwomba kikombe. Wakampa. Nundu ilikuwa ileile kwenye kikombe, na kikombe hakikuchongwa na kiwanda cha mbao. Wakili alikichukua kutoka kwa Jostein, akakiweka mezani, kisha akasema maneno ambayo mimi sitayasahau.

"Hata kama kosa ni lenu, kosa haliwezi kuwa mali ya mtu."

Oddrun alikivuta kikombe kwake. "Mzaha wangu ni mali yenu," alisema, "na kosa langu si la mtu. Kwa hiyo mimi nimebakiwa na nini, bwana? Wizi?"

Wakili alifunga mkoba wake.

Wiki iliyofuata kampuni iliondoa madai yake, "bila kukiri kosa lolote". Masanduku mapya yana nundu iliyopunguzwa. Vikombe bado vinauzwa, sheria zote tatu ziko pale, na jina la aliyezitunga halipo popote. Tulipoiuliza, kampuni ilituandikia kwamba inawaheshimu sana wabunifu wadogo. Kama ishara ya nia njema ilimtumia Oddrun vikombe sita. Alivibeba mwenyewe kutoka posta, akaandika "mpokeaji amekataa", akavirudisha.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Hawa wamemnyonga, wakagundua wamekosea mtu, wakafunga mkoba wakaenda kula chakula cha mchana.

Jumatatu Njia ya Posta ilirudishwa mezani maktaba. Watoto wamepanga foleni tena, na gololi inafika bandarini kila mara. Synnøve, ambaye si mtu mbaya, amemwandikia Oddrun barua ndefu ya masikitiko, kwa mkono, na kumwomba radhi. Jostein anasema yatosha, waendelee na mambo mengine. Kundi zima linasema yatosha.

Oddrun hasemi hivyo. Barua ameisoma mara mbili, ameikunja, ameiweka kwenye droo ya jikoni, na anasema anajua jinsi barua zinavyofia kwenye droo kwa kuwa yeye ndiye huzileta. Anachotaka ni karatasi kwenye mlango wa maktaba, yenye maandishi ya ukubwa uleule, ikae siku zilezile, iseme kwamba O. Tveiten hakuiba kitu.

"Magnhild hakusoma droo yangu," anasema. "Alisoma mlango."

Synnøve ametueleza kwa upole kwamba utaratibu hauruhusu. Mlango ni wa matangazo ya umma, na jambo la mtu mmoja si la umma. Alipoulizwa kwa nini Novemba lilikuwa la umma, aliomba muda wa kufikiri.

Hadi tunakwenda mitamboni, mlango wa maktaba ulikuwa na karatasi mbili, moja ya saa za kufungua na nyingine ya mwavuli uliookotwa. Oddrun anasema atapita kuutazama tena kesho asubuhi, na kesho kutwa, maana uko kwenye njia yake ya kazi na hana sababu ya kuuzunguka.