Mluzi wa Baba

Sikusimuliwa. Nilikuwa ofisi ya kijiji kule Ipole, nimekaa karibu na mwenyekiti kuliko karani wake. Mwanamume aliyelelewa na mjomba mjini alikuja kudai mizinga ya marehemu baba yake, kitambulisho mkononi. Dada yake hakumtambua.

“Nyuki hawasomi kitambulisho,” akamwambia. “Kama kweli wewe ni mdogo wangu, piga ule mluzi wa baba wa kumwita ndege anayeonyesha asali.”

Midomo ikamkauka. Akapuliza, ukatoka upepo mtupu. Mwenyekiti akaanza kuinuka afunge shauri.

Jamaa akafumba macho, akajaribu tena. Mluzi ukatoka, ukakatikia katikati. Dada, machozi yakimtoka, akaumalizia.

Nje, ndege akaitikia.

Yote niliyaona, ila huyo ndege nimemtia mimi. Naona alistahili kuwepo.