Siku Nilipojifanya Muungwana wa Ikulu ya Italia Ukweni

Hadi leo naona aibu kupita mbele ya lile duka la vitabu vikuukuu la mtaa wa Kensington, huku kusini mwa Afrika, maana ndipo nilipojinunulia balaa kwa mikono yangu mwenyewe. Ilikuwa 2017. Mimi ni fundi cherehani, Mkongo wa Bukavu, duka langu liko Bertrams, na Jumapili ile nilikuwa naenda kujitambulisha kwa wazazi wa Muthoni, Wakenya, baba mtu bosi wa benki huko Sandton. Nilimpenda Muthoni mpaka nikawa nakosea vipimo vya wateja. Basi nikanunua kitabu cha Kifaransa kinachoeleza jinsi waungwana wa Italia, miaka mia tano iliyopita, walivyofundishwa kuishi na wakubwa ikuluni (nusu ya madoido yetu ya mavazi na mezani kumbe yametoka humo, na sisi Wakongo ukitutajia madoido umetumaliza). Somo kuu: muungwana hajisifu, na jambo gumu hulifanya kama halikumtoa jasho.

Nikaanzia mlangoni. Nikarudisha mguu nyuma, nikainama, nikambusu mama mkono, na mkono wenyewe ulikuwa na unga wa chapati. Mama akaniangalia, akauangalia mkono, akaenda kunawa.

Mezani baba akauliza, "Kijana, unafanya kazi gani?"

"Nashona-shona tu, Papa, kupitisha muda."

"Eish, wewe," Muthoni akanong'ona, akanikanyaga chini ya meza.

Baba akaitazama suti yangu (niliishona wiki mbili, kola peke yake niliifumua mara nne). "Na hii?"

Uungwana ukanipanda kichwani. "Aa, hiyo ni ya fundi mmoja tu wa Bertrams."

"Huyo sasa ndiye mtu wa kazi. Hebu nipe namba yake."

Ningekiri hapo, yangeisha kwa kicheko. Lakini muungwana habadiliki uso, nikamtajia namba yangu nikidhani atapiga kesho. Akapiga palepale. Simu ikalia mfukoni mwangu, nami nikaendelea kukata nyama taratibu kama mtu asiye na masikio, mpaka ikanyamaza yenyewe.

"Kumbe fundi ni wewe," mzee akasema bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mtu anayeikana kazi ya mikono yake, si atamkana na mtoto wangu?"

Swali hilo halikuwamo kitabuni.

Mwaka uliofuata mzee alikuja dukani na kijana mmoja mhasibu, nimpime suti ya harusi yake na Muthoni. Nilimshonea vizuri, roho ikiniuma. Siku hizi mtu akiniuliza kazi yangu, namjibu kabla hajamaliza: mimi ni fundi, tena fundi hodari, na adabu za ikulu wabaki nazo wenye ikulu.