Jina Alilorithi Alfani

Zamani, huku kwetu Newala, mtu akifa tulirithi kwanza jina lake na mizigo yake. Siku hizi watu hurithi mabati na baiskeli, na jina huliacha makaburini lioze pamoja na sanda.

Alfani wa Mnyambe alikuwa mtu wa mwisho niliyemwona akirithi jina kwa moyo wote. Mjomba wake, Husseni, alifariki mwaka 1957, akaacha mke, Mwanakombo, binti mdogo aitwaye Zena, na shamba la mikorosho alilolipanda pamoja na mkewe. Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo wa mama walimkalisha Alfani mkekani, wakamvika kanzu ya marehemu, wakasema, "Husseni hakufa. Huyu hapa."

Tangu siku hiyo jina la Alfani halikutajwa tena kijijini. Zena alimwita baba. Mwanakombo alimwita Baba Zena, ingawa kila mmoja alilala nyumbani kwake, maana Alfani alirithishwa kulinda, si kuoa. Alipalilia mikorosho, akamlisha mtoto, akaitikia marahaba kwa watu waliomzidi umri.

Ndipo akaja Abdulkadiri kutoka Masasi. Yeye na marehemu walichangia baba tu, na kwa desturi yetu ndugu wa namna hiyo hula wali wa matanga akaenda zake. Lakini alikuwa amesikia kwamba katika sheria ya dini mpwa hana fungu, ila ndugu wa baba mmoja analo. Akashtaki Newala.

Asubuhi ya kesi tulijaa nje ya baraza la liwali. Abdulkadiri alipomwona Alfani akainama kwa mzaha.

"Shikamoo, kaka! Ahera umerudi lini?"

"Marahaba," akajibu Alfani bila kutabasamu, kwa kuwa Husseni alikuwa mkubwa wa Abdulkadiri.

Watu wakaangua kicheko. Ndani, karani akaanza na Alfani.

"Jina lako?"

"Husseni."

"Na marehemu?"

"Husseni."

"Nakuuliza aliyekufa!"

"Ndiye mimi, bwana."

Karani akaweka kalamu chini, akamgeukia Mwanakombo. "Mama, huyu nani?"

"Baba Zena."

"Mumeo?"

"Hapana. Mume wangu amekufa."

"Basi baba wa mtoto yuko wapi?"

"Si huyu hapa?"

Liwali, mtu wa pwani, alijishika kichwa. Akasema taratibu kwamba kama mpwa anadai shamba ni la ukoo wa mama, atasikilizwa, lakini aje mwenyewe. "Husseni amekufa, na maiti hatoi ushahidi. Jumatatu mleteni huyo Alfani."

Tulirudi tumechanganyikiwa, tunakwenda kumtafuta mtu tuliyekuwa tunatembea naye. Wazee walikaa kutwa nzima. Mmoja alisema, "Aitike tu. Ni neno la mdomoni." Mwingine akamkatiza: "Akiitika, Husseni kafa mara ya pili, na mtoto kawa yatima tena. Matanga hayo utayalisha wewe?"

Alfani akaniuliza, "Nikisema mimi Alfani, wataniachia shamba. Lakini mwenye kulipokea ni Husseni. Sasa Alfani atalipokea kwa nani?"

Kijana wa leo angeitikia majina yote mawili kwa mkupuo, na la tatu angelibuni.

Jumatatu tarishi alisimama mlangoni akaita, "Alfani! Alfani wa Mnyambe!"

Alfani alikuwa mbele yake, Zena amemshika kanzu. Akafungua mdomo.

"Baba," Zena akauliza, "wanamtafuta nani?"

Aliufunga mdomo. "Sijui, mwanangu," akasema.

Kesi ikaamuliwa bila mpwa. Mwanakombo na Zena walipewa mafungu yao, na mikorosho yote iliyozunguka nyumba ikawa ya Abdulkadiri, aliyewafokea kila walipookota korosho mlangoni pao. Baada ya msimu mmoja wakahama, wote watatu.

Mara ya mwisho niliwaona Nanganga, kando ya barabara, kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa. Mwanakombo alikuwa akichoma mihogo ya kuuza, na Alfani yuko juu ya kibanda anaezeka. Nikamuuliza kama wangemwita tena leo, angeitika?

Alikaza kwanza fungu la nyasi, jasho likimtiririka.

"Wangemwita nani?" akauliza.

Zena akamwambia, "Baba, shika," akamrushia fungu jingine la nyasi, naye akalidaka.